Siku Tatu za Kusalimia Mashine

Binti yangu alinibadilishia mfumo wa kompyuta siku ya Jumatatu, nikakaa robo saa nzima nikitafuta mahali pa kubonyeza ili karatasi itoke. Jumapili mahali hapo palikuwa juu, mkono wa kushoto. Jumatatu hapakuwa juu wala kushoto. Mteja amesimama mbele yangu anasubiri barua yake, mimi natoa jasho, na mdomo ukasema wenyewe, bila kuniuliza: "Siku tatu, mama. Siku tatu tu."

Mteja akadhani namwambia yeye. Akachukua bahasha yake akaenda kwa jirani.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze polepole, maana si magumu. Kompyuta ina mwili, yaani kioo, vitufe na nyaya. Halafu ina mfumo, na mfumo ni mpangilio unaokaa kati ya mkono wako na kazi yako. Ukibadilisha mfumo, kompyuta ni ile ile na barua zako zote zimo, lakini wewe umekuwa bibi harusi aliyeamka asubuhi ya kwanza jikoni kwa wakwe. Chumvi ipo. Haiko tu kwenye rafu uliyoizoea. Mimi nimehama namna hiyo mara nne: kutoka mfumo wa kioo cheusi, ambao uliuamuru kwa kuandika maneno, hadi ule wa madirisha, kisha madirisha mapya yaliyoficha kila kitu, na sasa huu wa bure ambao binti yangu anausifu kama mchumba. Kila mara siku ya kwanza nimetaka kulia, na siku ya tatu nimecheka. Wala sikuzaliwa na uvumilivu huo. Nilifundishwa, kwenye baraza moja ya Rumonge, hatua thelathini kutoka ziwani, na mtu ambaye hakuwahi kuona kompyuta mpaka alipozeeka.

Tulimwita Karani. Watu wa heshima walisema Baba Karani. Ndiye aliyekuwa mpiga chapa wa mji, na mashine yake ya kuandikia ndiyo iliyokuwa mashine pekee ya mtu binafsi niliyoijua kati ya Kabezi na Nyanza-Lac. Mtu huyu siku moja alipewa siku tatu kubadilisha vidole vyake. Kama angeshindwa, angepandishwa lori na kupelekwa bara, mbali na ziwa, wakati mkewe bado hajavuka. Nitafika huko. Kwanza mumjue.

Mashine aliachiwa na mzungu mmoja wa mawese, ambaye Karani alimchapia barua mpaka aliporudi kwao mwaka wa Uhuru. Mzungu alimwachia mashine na paka. Karani alisema paka ndiye aliyekuwa zawadi, na mashine aliiachiwa kwa sababu paka alizoea kulala juu yake. Alikuwa na njia moja ya kuitunza iliyotokana na mji wetu wenyewe. Rumonge tunaishi na michikichi. Mawese tunapikia, tunajipaka, tunawashia taa. Basi mashine ilipoanza kulia kwenye viungo, Karani aliitia mawese.

Mashine ilinyamaza, hilo ni kweli. Lakini mawese huganda asubuhi ya baridi. Ikifika Juni na Julai, upepo wa alfajiri ukishuka kutoka milimani, herufi zote zilikuwa zimeshikana kama wali wa jana. Kwa hiyo kila siku asubuhi Karani aliibeba mashine, akaiweka juu ya jiwe uani, ikaota jua. Mtu akija mapema na haraka zake, aliambiwa na Mama Karani, mkewe, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye ndagala, dagaa wa ziwa letu, anaowachambua: "Buretse, ngoja kidogo. Mashini bado inaota jua."

"Mama, mimi naenda Bujumbura leo!"

"Na yeye anaamka leo. Ngoja aamke."

Barua za Rumonge zilijulikana hadi makao makuu. Zilikuwa na alama ya dole gumba la rangi ya machungwa kwenye pembe ya chini, na siafu walizipenda. Karani alitukataza sisi wanafunzi wanne kugusa karatasi kwa mikono michafu, akatukagua kucha kila asubuhi, na dole gumba lake mwenyewe lilikuwa la machungwa miaka yote niliyomjua. Nilipomwonyesha, aliliangalia kama la mtu mwingine. Akasema, "Hili ni muhuri."

Kanuni yake ya kwanza: macho hayaangalii vitufe. Mpiga chapa anaangalia karatasi anayonakili, vidole vinajua njia vyenyewe. Ili tusiibie kwa macho, alitufunika mikono kwa kipande cha kitenge cha zamani cha mkewe, cha bluu chenye samaki wekundu. Tulipiga chapa chini ya kitenge kile kama watu wanaotafuta kuku gizani. Yeye mwenyewe alifunika mikono yake pia, hata akiwa peke yake. Nilidhani ni majivuno. Baadaye niligundua kwamba asipofunikwa alikuwa anachungulia.

Kanuni ya pili ndiyo iliyonifanya nimfukuze mteja. Mashine yoyote ngeni mkononi mwako, hata kama ni ndugu wa ile unayoijua, uipe siku tatu za salamu. Siku ya kwanza usiandike barua ya mtu. Andika neno salamu, mstari baada ya mstari, mpaka ukurasa uishe. Siku ya pili iulize habari za nyumbani. Siku ya tatu iambie jina lako. Siku ya nne, kazi.

"Lakini Baba Karani," nikamwambia, nikiwa na miaka ishirini na haraka nyingi, "herufi ni zile zile."

"Na wakwe zako watakuwa na chumvi ile ile. Utaingia jikoni kwao gizani uiokote?"

"Sina wakwe."

"Kwa haraka hizi hutawapata." Akaniwekea kitenge juu ya mikono. "Salimia."

Mtu huyu aliyehubiri subira hakuwahi kungoja chai ipoe. Aliungua ulimi kila siku saa nne, akashangaa kila siku. Alisema mashine ni chuma tu, lakini akiidondoshea mfuniko alisema, "Pole." Aliishi karibu na ziwa kiasi kwamba mawimbi yalilowesha mianzi ya ukuta wake, na hakujua kuogelea, aliogopa hata kunawa miguu maji yanapofika magotini. Mama Karani alimtania mbele ya watu: "Mume wangu ameolewa na ziwa, lakini hajawahi kuingia chumbani."

Halafu kuna ile hotuba ya Uhuru. Siku ile sikuwapo barazani, nilikuwa uwanjani na umati, kwa hiyo nusu niliiona na nusu alinisimulia yeye mwenyewe, mara nyingi, na kila mara hotuba ikazidi kuwa ndefu. Wazee watatu walikuwa wazungumze, mmoja baada ya mwingine, wote wasome hotuba moja ili wasipingane. Karani akapewa kuichapa. Nakala tatu alizifanya kwa karatasi ya kaboni, ile nyeusi unayoiweka katikati ya karatasi mbili ili ya chini ipate maandishi. Kwa furaha ya siku ile akaziweka kaboni zote mbili pamoja chini ya karatasi ya kwanza, tena juu chini. Karatasi ya kwanza ikatoka na maandishi mbele na maandishi ya kinyume nyuma. Za chini zikatoka nyeupe kabisa. Akazikunja zote bila kutazama, maana macho hayaangalii, akawakabidhi wazee uwanjani dakika moja kabla ya ngoma kunyamaza.

Mzee wa kwanza akasoma vizuri, tukapiga makofi. Wa pili akakunjua karatasi yake. Nilikuwa karibu, niliona macho yake yakienda juu, yakienda chini, kisha akaigeuza upande wa pili. Karatasi ilikuwa nyeupe kama maziwa. Akakohoa. Akainua karatasi karibu na uso, kama mtu anayesoma herufi ndogo sana, akasema kwamba kwa kuwa sasa tuko huru, kila mtu apande minazi. Kwa nini minazi, Rumonge, hatujui mpaka leo. Wa tatu, alipoona mwenzake ametoka salama, akasoma karatasi yake nyeupe kwa sauti kubwa zaidi, akaahidi barabara, daraja, na ndagala wasiopungua. Akafika mpaka mwisho wa ukurasa na kuugeuza.

Karani alikuwa amejificha nyuma ya mpiga ngoma. Jioni wazee walimwita. Alienda. Wa tatu akamshika bega: "Karani, ile hotuba yangu umeiandika vizuri sana."

Alisimulia kisa hiki kama kosa lake kubwa la maisha, na akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini tangu siku ile ukurasa wenye kosa moja ulirudiwa wote. Herufi moja ikiruka, karatasi nzima inakuwa ya kufungia ndagala. Hakuna kufuta, hakuna kupiga juu yake. Nilirudia ombi moja la kibali mara kumi na moja, na mara ya kumi na moja Mama Karani alinipa ndizi. "Kula, mwanangu. Mume wangu anataka karatasi isiyo na dhambi. Mimi niliolewa naye nikijua."

Kompyuta ilipokuja na ufunguo wake wa kufutia nilifikiri: Karani akiona hiki atazimia.

Sasa mwaka wa sabini na mbili. Sitaeleza mengi, wenye kujua wanajua, na wasiojua wataelewa kwa hiki kidogo. Mwisho wa Aprili risasi zilisikika upande wetu, kisha wakaja askari wa kulipiza, na watu wa pwani yote wakaingia ziwani kwa kila kitu kinachoelea. Kati ya sisi wanafunzi wanne wa baraza ile, wawili sikuwaona tena, na majina yao hayakufika kwenye orodha yoyote. Mimi na mama yangu tulipata mtumbwi. Karani alikuwa ndani ya mtumbwi huo huo, ameshika ukingo kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Mashine ameiacha. Paka ameachiwa nyumba. Alichochukua ni kile kitenge cha samaki, amejifunga shingoni.

"Mama Karani yuko wapi?" mama yangu akamuuliza.

"Kabezi. Alienda kwa dada yake aliyejifungua." Hakufumbua macho. "Atakuja. Yeye anajua maji."

Tulifika upande wa Kigoma. Pale kulikuwa na ofisi ndogo ya kuandikisha watu wanaovuka. Walikuwa na msimamizi mmoja, Mtanzania mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi hata katikati ya taabu ile, na walikuwa na mashine ya kuandikia, lakini mpiga chapa wao alikuwa mgonjwa. Majina yaliandikwa kwa penseli, yakapotea, watu wakatafutana siku nzima kwenye foleni mbili zinazotazamana. Waliobaki bila kazi wala ndugu pale mjini walikuwa wanapelekwa makambi ya bara kwa lori. Mimi na mama tulikuwa na ndugu pale mjini; lori la Karani lilikuwa la Alhamisi. Mama Karani, kama yu hai, angefika kwa maji, si bara. Na Karani, mtu aliyeogopa ziwa, akawa hataki kuondoka hatua moja kutoka ziwani.

Jumatatu akaenda ofisini. Nilimfuata.

"Bwana Patroni," akasema, "mimi ni mpiga chapa. Miaka kumi na saba."

"Ndugu," msimamizi akamrekebisha kwa upole, "hapa hatuna mabwana. Kaa. Andika: Salamu kwa wote."

Karani akavunja vidole, akatandika kitenge juu ya mikono, akatazama ukutani, akapiga. Sijawahi kusikia kasi ile. Mashine yao ilitiwa mafuta ya kweli ya mashine, iliteleza kama ndagala mkononi. Kengele ikalia. Msimamizi akavuta karatasi, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Ilianza hivi: sqlq;u.

"Ndugu Karani, hiki ni Kifaransa?"

Nieleze tena polepole. Mashine za Wabelgiji na mashine za Waingereza zina herufi zile zile, lakini rafu ni tofauti. Pale Mbelgiji alipoiweka a, Mwingereza ameweka q. Pale palipo m ya Mbelgiji, Mwingereza ameweka nukta na mkia wake. Kwa miaka kumi na saba vidole vya Karani vilikuwa vinakwenda jikoni gizani na kuokota chumvi bila kosa. Sasa viliokota majivu.

Alitazama ile karatasi, herufi kwa herufi. Nilidhani atalia. Akasema, "Haijanijua bado. Nipe siku tatu."

"Lori ni Alhamisi asubuhi."

"Leo Jumatatu, kesho, kesho kutwa. Hizo ni tatu."

Msimamizi alikuwa na foleni ya watu mia mlangoni, na mashine ilihitajika na mtu mwingine aliyekuwa akiipiga kwa kidole kimoja. Hakuweza kumwachia. Lakini alimpa penseli na kumruhusu anakili mpangilio wa vitufe. Karani akauchora kwenye ubavu wa boksi la sabuni, duara kwa duara. Akaketi ufukweni kwenye mchanga, boksi magotini, kitenge juu ya mikono, akaanza kupiga chapa karatasi isiyokuwepo kwenye mashine isiyokuwepo.

Mimi nilikuwa kengele. Niliinama kuchungulia chini ya kitenge, nikasema amegusa duara gani. "Salamu," anapiga. "Umeandika q," nasema. "Salamu." "Q." "Salamu." "Nukta na mkia." Siku nzima ya kwanza, salamu tu. Nikamwambia tuna siku tatu pekee, tuanze na majina. Akanikazia macho. "Mutoto, utasalimia watu kwa kuruka salamu?"

Foleni ya wanawake waliongoja unga ikapata kitu cha kucheka, na Mungu anajua tulihitaji. "Karani, barua yangu imefika?" mmoja akaita. "Imefika," akajibu bila kuinua macho, "inasema ulete unga." Mwingine akamletea kipande cha boksi chake mwenyewe: "Nakala tatu, tafadhali, na usigeuze kaboni." Kisa cha Uhuru kilikuwa kimevuka ziwa kabla yetu. Siku ya pili walikuwa wanamsomea majina yao wenyewe apige. Siku ya tatu nilimkuta peke yake amelaza boksi mchangani, amevua kitenge, pua karibu iguse zile duara, anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Yeye, aliyenifunika mikono miaka saba.

"Baba Karani! Unaangalia!"

"Ninachungulia tu jikoni," akasema, akajifunika upesi. "Wakwe hawapo."

Alhamisi lori liliwashwa injini mapema. Msimamizi akamsomea majina ishirini. Karani alipiga taratibu, tok, tok, tok, kama mtu mzima anayevuka mto kwa mawe. Majina yote ishirini yalitoka safi. Kisha akapiga tarehe, na tarehe ikatoka mabano, asilimia na alama za nukuu, maana kwenye mashine ya Mbelgiji namba hupatikana kwa kushikilia ufunguo ambao kwa Mwingereza unaziondoa. Hatukuwa tumezisalimia namba.

Msimamizi akaangalia tarehe. Akaangalia dirishani, lori. Akacheka kicheko ambacho sitakisahau, cha mtu ambaye hajacheka wiki tatu. "Baki, ndugu. Tarehe nitaandika mimi kwa kalamu."

Karani alichapa orodha za waliovuka kwa wiki tano. Kila asubuhi karatasi zilibandikwa ukutani, na mara nyingi nilisikia mtu akilia kwa furaha pale, akiwa ameweka kidole juu ya jina. Hakukuwa na kosa hata moja. Majina yalikuja mbele yake moja moja: jina, mahali, umesindikizwa na nani. Hakuinua kichwa. Aliniambia akiinua kichwa ataanza kutafuta uso mmoja, na akitafuta uso atapoteza mstari.

"Jina?" akauliza siku moja, saa nne, chai ikifuka kando yake.

Mwanamke akataja jina.

"Mahali?"

"Rumonge, nyumba yenye mashini inayoota jua."

Alikuwa amezunguka kwa upande wa Kongo, mtumbwi hadi mtumbwi, na alikuwa amekonda nusu. Karani hakuinuka. Mikono yake ilikuwa bado chini ya kitenge, na vidole, vilivyoachwa bila bwana, vikarudi nyumbani. Vikapiga jina lake kwenye mashine ya Mbelgiji iliyokuwa haipo tena. Jina la Mama Karani lina a tatu. Zote tatu zilitoka q.

Msimamizi akapita, akaona mstari ule. "Ndugu Karani, huyu nani?"

"Mke wangu," akasema, na hapo ndipo alipoinua kichwa.

Mtu ambaye alirudia ukurasa mzima kwa herufi moja hakurudia ukurasa ule. Aliuacha ulivyo. Ukabandikwa ukutani, kutoka hapo ukanakiliwa kwenye kadi, kutoka kadi kwenye kitambulisho, na kwa miaka zaidi ya thelathini Mama Karani akawa mtu wa q tatu. Alilalamika kila nilipowatembelea Kigoma. "Nimevuka ziwa zima na jina langu. Nimefika kwa mume wangu mwenyewe, akalizamisha."

Mimi nilitangulia kurudi Rumonge. Nilifungua sekretaria, duka la kuchapa na kutoa fotokopi, karibu na soko. Wao walirudi na wimbi la wakimbizi wa zamani, na wakatokea mlangoni kwangu siku ya Jumanne, siku moja baada ya ile Jumatatu ya mteja aliyekimbia. Karani alikuwa ameinama kama ndoana, kitenge cha samaki kimefifia shingoni. Mama Karani alikuwa na bahasha.

"Amahoro, mwanangu," akasema. "Hapa ofisi ya komine wamenikataa. Karatasi za zamani za Rumonge zinasema mimi ni huyu. Karatasi za Tanzania zinasema mimi ni huyu." Akaweka zote mbili mezani. "Wanataka barua inayosema kwamba hawa wawili ni mtu mmoja. Bila hiyo siandikwi kwenye kiwanja cha mume wangu."

"Nitaiandika sasa hivi," nikasema.

"Hapana, mwanangu." Akamwelekezea mumewe kidole. "Yeye ndiye aliyenikosea. Yeye atanirudisha."

Karani akaketi mbele ya kompyuta. Akaipapasa kioo kwa nyuma, kana kwamba anatafuta mahali pa kutia mawese. Akatandika kitenge juu ya mikono, akatazama ukuta, akapiga neno lake la kwanza. Kwenye kioo ikatokea: sqlq,u.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kibodi yangu, kama zote za hapa kwetu, ina mpangilio ule wa Wabelgiji. Vidole vyake vya miaka thelathini vilikuwa vya Mwingereza. Amerudi nyumbani na kujikwaa kwenye kizingiti kile kile, sasa akiingia kutoka upande wa pili. Nikamwambia, "Baba Karani, muda wote huu umepoteza nukta moja tu. Mkia bado unao."

"Andika jina langu," Mama Karani akaamuru.

Akaliandika. Q tatu, safi kabisa, bila kukosea.

"Vizuri," mkewe akasema. "Nusu ya barua iko tayari."

Nikakumbuka kwamba mifumo ya siku hizi ina huruma: mahali fulani ndani yake unaweza kubadilisha mpangilio, ukaiambia kompyuta ijifanye Mwingereza. Nikamweleza. Alishangaa kana kwamba nimemwambia ziwa litasogea ili yeye apite. "Yaani mashini ndiyo itanizoea mimi?" Nikasema ndiyo, ngoja nikuonyeshe, nikaanza kutafuta. Mfumo wa zamani ningepapata nimefumba macho. Huu mpya ulikuwa na siku moja. Nikafungua hapa, nikafunga pale, nikabadilisha rangi ya kioo kwa bahati mbaya. Wazee wawili wakanitazama kwa adabu.

"Mutoto," Karani akasema, "umeisalimia?"

Sikuwa nimeisalimia.

Basi tukaketi bega kwa bega, siku ile na mbili zilizofuata, kila mmoja na kompyuta yake, mimi na ile ya binti yangu, yeye akijifunza rafu za herufi na mimi nikijifunza rafu za mfumo. Tuliandika salamu tu, kurasa kwa kurasa. Mama Karani alileta chai, mumewe akaungua ulimi. Wateja waliambiwa na Mama Karani, mlangoni, bila kuinua kichwa: "Buretse kidogo. Wanaamkiana na mashini." Siku ya tatu niliupata ule ufunguo wa mpangilio, ulikuwa umekaa wazi kabisa, kama chumvi inavyokaa. Nikageuka kwa furaha kumwambia. Hakunisikia. Mikono ilikuwa chini ya kitenge, macho ukutani, na kwenye kioo jina la mkewe lilikuwa linajiandika, a baada ya a baada ya a.

Tulichapa barua. Mama Karani akavaa miwani yake, akaiinua mwangani. Akasoma mstari wa kwanza, ule wa a tatu. Akaweka kidole juu yake.

"Huyu nani?"

"Mke wangu," akasema Karani.

Akashusha kidole kwenye q zile tatu. "Na huyu?"

Karani alikuwa anakunja kitenge, samaki kwa samaki.

"Huyo ndiye niliyemngoja," akasema.